Remoke nyuma ya pikapu: hata chukudu ina fereni

BUTEMBO – Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara ya kitaifa namba 2, pale magari yanapoingia mjini yakitoka upande wa Lubero na Musienene, hangoji sana kabla ya kuiona. Ni pikapu ya zamani, kioo cha mbele kimepasuka, na nyuma yake inavuta remoke ya chuma iliyotengenezwa na fundi wa kuunganisha vyuma. Ndani ya remoke kuna magodoro, manjanja zilizong'olewa juu ya nyumba iliyoachwa, masufuria, mifuko ya maharagi, mbuzi wawili na bidoni zinazoning'inia pembeni. Juu ya hayo yote wameketi watu: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayeshika kamba kwa mikono miwili, vijana ambao miguu yao inacheza karibu na mpira wa gari. Bashi imefungwa nusu. Taa za nyuma hakuna.

Tangu M23 ilipoingia Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, na vita ikapanda kuelekea Kirumba, Kaseghe na Alimbongo, familia nyingi sana zimepita njia hiyo. Wengine wamefika Butembo kwa upande wa pili, wakikimbia mauaji ya ADF katika Beni na Mambasa. Wamekuja kwa miguu, kwa moto, juu ya makamioni ya mbao. Na wengi, hasa wale ambao waliweza kuokoa kitu nyumbani, wamekuja na remoke.

Katika mji, watu wanabishana juu ya remoke hizo na kila mmoja anavuta upande wake. Kuna wanaosema zipigwe marufuku zote, kwa sababu zinaua. Kuna wanaosema ziachwe kama zilivyo, kwa sababu ni vita, na wakati wa vita mtu hachagui gari. Wa kwanza hawajawahi kubeba nyumba nzima kichwani toka Alimbongo. Wa pili wanasahau kwamba mtu aliyekimbia risasi hakukimbia ili aje kufia kwenye mteremko wa Musienene.

Remoke ibaki, lakini watu washuke juu yake. Na ile isiyokuwa na fereni ipunguziwe mzigo mpaka pikapu iweze kuisimamisha kweli. Huo ndio msimamo unaotetewa hapa, na sababu zake si za kitabu tu.

Kwanza, kwa nini familia zinapenda remoke. Kamioni kubwa haiingii katika kila kijiji. Mvua ikinyesha, inakwama kwenye matope siku mbili, siku tatu. Pikapu inafika karibu na mlango. Ikivuta remoke, inabeba vitu vya familia tatu au nne kwa safari moja, na makuta ya mazutu yanagawanywa. Bila remoke, pikapu hiyo ingerudi mara mbili, na kurudi mara mbili ni kusema familia moja inalala usiku mwingine mahali ambapo kila mtu amekwisha kukimbia. Anayetaka remoke zote zikatazwe aeleze kwanza nani atalala nyuma na nani atatangulia.

Lakini uzito haujui kama kuna vita. Kwa pikapu nyingi, kitabu cha kiwanda kinasema gari inaweza kuvuta kilo 750 kama remoke haina fereni zake yenyewe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwenendo wa barabarani nao unaita remoke nyepesi ile isiyopita kilo 750, pamoja na mzigo wake. Si kilo 750 za mzigo. Ni remoke na mzigo, vyote pamoja.

Hesabu yake haina magumu. Remoke ya chuma iliyotengenezwa hapa nyumbani, hata ikiwa tupu, inaweza kufika kilo 300. Manjanja 30, kila moja kilo nne, ni kilo 120. Mifuko mitatu ya maharagi ya kilo mia ni 300. Magodoro, vitanda, nguo na vyombo vya familia tatu, tuseme 200. Mbuzi wawili, 50. Watu watano juu, wakubwa na wadogo, 250. Jumla ni kilo 1220. Na hapo bado hakuna aliyeona ajabu. Remoke hiyo inaonekana imejaa vizuri tu, hata dereva anaita wengine wapande.

Remoke nyingi za hapa hazina fereni. Fundi anachukua esie ya gari iliyokufa, anaunganisha vyuma juu yake, anaweka mbao, anatia mkono wa mbele, kazi imekwisha. Fereni zilizokuwa kwenye esie hiyo zilitolewa zamani au zinazunguka bure bila kushikwa na kitu. Kwa hiyo tani moja na zaidi inashuka mlima ikisukuma pikapu kwa nyuma, na pikapu peke yake inafanya kazi ya kusimamisha vyote viwili.

Wale waliokaa Goma wanajua chukudu. Ni mbao tupu, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira, mvulana anateremka nayo toka Kibumba na mifuko ya viazi na makabichi. Mji ule umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Sasa, atazame nyuma ya chukudu yoyote: kuna kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, mvulana anakikanyaga kwa mguu, chukudu inapunguza mwendo. Mtu ambaye hakupita shuleni, mwenye panga na msumari, alielewa kwamba kitu kinachobeba mzigo mlimani lazima kiwe na fereni. Na mwenye pikapu ya maelfu ya dola anavuta tani nzima bila hata kile kipande cha mpira.

Kwenye mteremko mambo yanaenda hivi. Dereva anashuka kwa vitesi ya nne ili aokoe mazutu, mguu uko juu ya fereni muda wote. Fereni zinapata moto. Kunatoka harufu ya kuungua ambayo abiria wote wanaisikia na hakuna anayesema neno. Kisha pedali inaanza kushuka chini kuliko kawaida, na fereni hazishiki tena. Hapo remoke ndiyo inakuwa dereva. Kama kuna kona, pikapu inataka kukata kona na remoke inataka kwenda mbele moja kwa moja. Vyote viwili vinajikunja kama kisu kinachofungwa, na kilichoko juu ya remoke kinaruka.

Madereva wazee wanajua dawa yake, na si ya gharama. Mteremko unashukwa kwa vitesi ileile ambayo ingetumiwa kuupanda, ya pili, hata ya kwanza ikilazimu, na inawekwa juu kabisa kabla ya kuanza kushuka. Moteri ndiyo inashika gari. Fereni inakanyagwa kidogo na kuachiwa, kidogo na kuachiwa. Na mwendo ni mambo yote: gari inayokwenda mara mbili zaidi haitaki nguvu mara mbili ya kuisimamisha, inataka mara nne. Dereva kijana anayejisifu kwamba amefika Butembo kabla ya saa sita ahesabu hiyo kwanza.

Namna ya kupakia nayo inaua. Hapa makosa si ya dereva peke yake, kwa kuwa mara nyingi familia yenyewe inapakia, kwa haraka, usiku, na hofu. Vitu vya kwanza kufika vinaingia mbele, mifuko mizito inafika mwisho inatupwa nyuma kwa mlango. Remoke iliyo na uzito nyuma inainua mkono wake wa mbele, na kwa kuuinua inanyanyua sehemu ya nyuma ya pikapu. Mipira ya nyuma haishiki tena barabara vizuri. Ikipata mwendo kidogo, inaanza kucheza mkia, kushoto, kuume, kushoto, kila mara zaidi. Ikiwa kinyume, mzigo wote uko mbele kabisa, pikapu inakaa chini kwa nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na usukani unakuwa kama wa mtumbwi.

Kipimo ni hiki: karibu sehemu moja juu ya kumi ya uzito wote ilale kwenye krosheti ya pikapu. Remoke ya kilo 1000 iweke pale kama kilo 100, uzito wa mifuko miwili ya simenti. Mizani hakuna, lakini kuna mikono. Kabla ya kufunga remoke kwenye gari, mtu mmoja ajaribu kuinua mkono wake wa mbele. Kama anauinua kwa mkono mmoja akiongea na wenzake, mzigo uko nyuma sana. Kama watu wawili wenye nguvu hawawezi kuusogeza, uko mbele sana. Maharagi, simenti, vyuma vilale chini, juu ya esie na mbele yake kidogo. Magodoro ndiyo yapande juu. Anayeweka magodoro chini ili yasilowe na mvua anaokoa magodoro.

Na kama remoke imekwisha kuanza kucheza? Dereva asikanyage fereni kwa nguvu na asijaribu kuifuata kwa usukani. Ashike usukani wima, aondoe mguu kwenye mafuta polepole, aache mwendo ushuke wenyewe. Kisha asimame, apange mzigo upya. Wengi hawasimami, wanasema itatulia mbele.

Sasa tufike kwa watu walioketi juu.

Watu wa mashirika na wakubwa wa mji wanapoona mama juu ya remoke, wanafikiri hajui hatari. Anajua. Amepanda kwa sababu nyingine, na hiyo hawaiulizi: anaogopa vitu vyake vitaibiwa. Kila kitu kilichobaki katika maisha yake kiko pale chini ya kamba, pamoja na vitu vya familia ambazo hazijui, na gari inasimama kwenye bariyeri nyingi. Mfuko unashuka mahali fulani, hakuna anayeona. Kwa hiyo anakaa juu ya vitu vyake kama kuku juu ya mayai, na watoto wanakaa na yeye, kwa maana atawaacha wapi?

Marufuku peke yake haitamshusha. Kitakachomshusha ni kuwa na uhakika wa mzigo. Wenye magari wa pale parkingi wanaweza kufanya kitu kidogo sana: kila familia ipewe rangi yake, kitambaa au kamba kwenye kila mfuko, na karatasi yenye hesabu ya mifuko, nusu kwa dereva na nusu kwa familia. Mtu mmoja mkubwa wa kila familia akae mbele au kwenye sanduku la pikapu yenyewe, mgongo kwa kabini, akitazama remoke njia nzima. Watu wakae katika pikapu, mizigo mizito iende kwenye remoke. Siku hizi kinachofanyika ni kinyume: mifuko inajazwa kwenye pikapu ili isiibiwe, na watu wanatupwa kwenye remoke.

Ni kweli, hata sanduku la pikapu si mahali pa watu. Hakuna atakayedanganya kwamba ni salama. Lakini katika sanduku mtu yuko ndani ya gari yenye fereni, yenye dereva anayemsikia akipiga kelele. Juu ya remoke, akianguka mtoto, dereva anajua baada ya kilometa mbili, wakati watu wa kijijini wamekwisha kumpungia mkono asimame.

Madereva nao wana malalamiko, na moja kati ya hayo ni la haki kabisa. Bariyeri. Kila bariyeri inahesabu gari, haihesabu kilo. Pikapu yenye remoke iliyopakiwa mara mbili inalipa mara moja. Pikapu yenye busara, inayogawanya mzigo katika safari mbili, inalipa mara mbili kwenye kila kamba iliyokatiza barabara. Kwa hiyo wale wanaolipisha, wawe wenye sare au wasio na sare, ndio wanaofundisha madereva kujaza. Dereva mwenye akili anafanya hesabu hiyo kabla hajawasha moteri, na hesabu inamwambia aongeze watu watatu juu.

Polisi wa rulaji, upande wao, wana sheria mkononi tangu zamani: kodi ya barabara ya Congo ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya toka Kinshasa. Lakini kinachotazamwa barabarani ni karatasi: asirance, vinyete, permi, na karatasi ikikosekana, makuta. Ni nadra kuona askari wa rulaji ameinama kutazama krosheti. Angeinama, angeona mengi. Angeona pini iliyobadilishwa kwa chuma cha ujenzi kilichokunjwa. Angeona kichwa cha remoke ambacho kimelika na kuwa kikubwa kuliko bule ya pikapu, kinaruka kila inapopita shimo. Angeona kwamba mnyororo wa usalama hakuna, au upo lakini ni kamba ya mbuzi.

Mnyororo ni kitu cha kuongelea zaidi, maana ni rahisi na watu hawajui kazi yake. Inatakiwa miwili, mmoja kila upande, ikatizane chini ya mkono wa remoke kama msalaba. Krosheti ikikatika, mkono wa remoke unaangukia juu ya msalaba ule, hauchimbi barabara, na remoke inabaki nyuma ya gari mpaka isimame. Bila minyororo, remoke iliyokatika inashuka mlima peke yake. Kando ya barabara hiyo kuna shule, kuna masoko, kuna wamama wanaouza ndizi chini ya mwavuli kwenye kona zilezile ambapo magari yanakanyaga fereni.

Mafundi wa Butembo hawashindwi kutengeneza fereni ya remoke. Mji huu umejenga mambo makubwa kuliko hayo bila kungoja serikali. Fereni ya remoke ya kawaida haitaki umeme: pikapu inapopunguza mwendo, remoke inasukuma kichwa chake mbele, kichwa kinarudi ndani kidogo, kinavuta fimbo na kamba ya chuma, kamba inafunga fereni za ngoma kwenye magurudumu. Ni uzito wa remoke wenyewe unaojifunga. Vichwa vya namna hiyo viko kwenye remoke za zamani zinazotoka Ulaya, na esie nyingi zinazounganishwa hapa zilikuja na ngoma zake. Kinachokosa ni mwenye gari kukubali kulipa, na mteja kumwuliza. Remoke moja inapata safari nyingi kwa mwezi. Haiwezekani kusema makuta ya fereni hayapatikani wakati makuta ya kupaka rangi na kuandika maneno ya dini mbele ya kabini yanapatikana.

Kuna remoke nyingine ambayo haiongelewi, ya maji. Mahali wakimbizi wa vita walipokusanyika, katika shule, kanisa au uwanja, mara nyingi maji yanafika kwa pikapu inayovuta tanki ya plastiki ya litre 1000. Litre moja ya maji ni kilo moja. Tanki ikijaa ni tani, bila remoke yenyewe. Na ikiwa nusu, watu wanafikiri ni afadhali, kumbe nusu ina ubaya wake: maji yanakimbia ndani. Dereva akifunga fereni, maji yote yanakwenda mbele yanapiga. Akikata kona, yanakwenda upande wa nje na kusukuma remoke ianguke. Tanki ya maji isafiri imejaa kama gari na fereni zinaweza, au tupu. Kama haziwezi, matanki madogo mawili au matatu yaliyojaa ni bora kuliko moja kubwa lililo nusu. Hapa mashirika yanayolipa magari hayo yana nguvu ambayo mama mkimbizi hana. Wanaandika kontra. Katika kontra wanaandika logo itabandikwa wapi na bendera iwe ya kipimo gani. Waandike pia fereni, minyororo miwili na taa mbili za nyuma.

Juu ya taa, neno moja tu. Usiku remoke bila taa ni ukuta katikati ya barabara, na wamotari ndio wanaukuta. Kama waya zimekatika na safari ni ya kukimbia, basi hata vioo vyekundu vinavyorudisha mwanga, vile vya baiskeli, viwili nyuma kwenye pembe za remoke. Vinauzwa sokoni. Dereva wa moto anayekuja na taa yake ataviona.

Familia inayotafuta gari leo haiwezi kungoja rulaji ibadilike wala mafundi wakubaliane. Lakini kuna mambo inayoweza kufanya kabla ya kutoa makuta, kwa dakika tano. Baba au kijana azunguke nyuma ya gari. Atikise krosheti kwa mikono miwili aone kama inacheza. Atazame kama minyororo iko. Aguse mipira ya remoke, maana mara nyingi ni ile iliyokataliwa kwenye pikapu, nyuzi zimetoka nje. Amwulize dereva fereni za remoke ziko wapi, na atazame uso wake wakati anajibu. Kama hakuna fereni, familia idai mzigo upunguzwe, na ikatae kabisa kupanda juu. Mtu mmoja akikataa, dereva atamwacha na kuchukua mwingine, hiyo inajulikana. Familia zote nne zikikataa pamoja, hawezi kuondoka na remoke tupu. Mashefu wa nyumba kumi na wasimamizi wa kambi ndio wanaoweza kuwaweka watu pamoja kwa neno hilo, kabla ya siku ya safari, maana siku ya safari kila mtu anapigania nafasi.

Hii inafaa pia kwa wale wanaorudi. Kila mara kunaposemwa kwamba upande fulani umetulia, pikapu zilezile zinapanda na mizigo ileile, na sasa kuna mbegu na majembe juu. Na remoke tupu zinazoshuka kuchukua wengine zina hatari yake: bila uzito zinaruka kwenye kila shimo, na watoto wa kando ya barabara wanazidandia kwa nyuma ili wapate lifti mpaka shuleni. Dereva hawaoni. Kioo chake cha pembeni, kama kipo, kinamwonyesha upande wa remoke tu. Wazazi na walimu wawakataze mapema, kila asubuhi ikilazimu.

Jambo la mwisho linaonekana dogo. Remoke ikipata pane mlimani, dereva na watu wake wanaweka mawe makubwa chini ya mipira ili isirudi nyuma, na matawi ya miti barabarani ili wengine waone. Ni vizuri, hakuna kifaa kingine. Lakini wakisha kutengeneza wanapanda na kuondoka. Matawi yanakauka na upepo unayabeba. Mawe yanabaki palepale, katikati ya njia, rangi moja na barabara, na saa mbili ya usiku moto inakuja na watu watatu juu. Mawe hayo yaondolewe na walewale walioyaweka, kabla moteri haijawashwa.